Kupanga mashine ya MIG kwa bamba nene la alumini: mwongozo kamili, kuanzia rola za waya hadi kipande cha majaribio

Bamba la alumini la milimita 10 linadanganya. Unapitisha mshono, juu unang'aa, mawimbi yamepangika, mteja anausifia. Ukiukata katikati unakuta waya ulioyeyuka umelala juu ya bamba bila kushikana nalo chini. Hakuna ufa wala rangi ya kukuonya. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayofanyika kabla hujabonyeza swichi ya tochi, na mwishoni kuna kipande cha majaribio ambacho lazima ukivunje kwa makusudi. Fundi anayeruka kipande hicho hajui amechomelea nini, hata awe na mkono mzuri namna gani.

Mfano nitakaoufuata ni bamba la aloi ya 5083 lenye unene wa milimita 10. Ni aloi ya boti: inavumilia maji ya chumvi na inabaki na nguvu nyingi baada ya kuchomelewa. Ukanda wetu wa pwani unaihitaji, maana boti za mwendo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja zimejengwa kwa alumini, na siku hizi matela na matenki ya alumini yanaingia gereji kutafuta fundi. Kama bamba lako ni la 6061 au 6082, nitakuambia panapobadilika.

Kwa nini mpangilio wa chuma haufai

Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za selsiasi, lakini utando wa oksidi ulio juu yake unahitaji nyuzi zaidi ya 2,000. Bamba linaweza kuwa uji ndani huku ngozi ya juu bado imesimama, na ngozi hiyo ikizama kwenye mshono inakuwa kasoro. La pili, alumini inasafirisha joto haraka kuliko chuma, mara mbili hadi nne kutegemea aloi. Joto unaloweka kwenye kiungo linakimbilia bamba zima, na kadiri bamba linavyokuwa nene ndivyo linavyolimeza. La tatu, alumini iliyoyeyuka inafyonza hidrojeni kwa wingi, na ikiganda inaitema. Isipowahi kutoka, inabaki ndani kama vitundu. Hidrojeni hiyo inatoka kwenye unyevu, mafuta, grisi, rangi na hata jasho la kiganja.

Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kila kitu kinachofuata. Na inafaa kujua kwamba MIG, yaani kuchomelea kwa waya unaosukumwa na mashine huku gesi ikikinga mshono, haikubuniwa kwa ajili ya chuma halafu ikalazimishwa kwa alumini. Ilipoendelezwa mwaka 1948 katika taasisi ya Battelle huko Marekani, alumini ndiyo iliyokuwa mlengwa mkuu. Chuma kilifuata baadaye.

Mashine na umeme wake

Kwa milimita 10 unahitaji mashine inayotoa ampea 250 hadi 300 bila kuhema. Angalia kibao chake nyuma: kama kimeandikwa ampea 250 kwa asilimia 20, maana yake katika kila dakika 10 utachomelea dakika 2 tu, kisha mashine ijipoze. Tafuta inayotoa ampea 250 kwa asilimia 60. Mashine ndogo za ampea 200 za kuchomeka kwenye soketi ya ukutani ni nzuri kwa mageti na alumini ya milimita 3 au 4. Kwa bamba nene zitakupa ule mshono unaolala juu.

Hesabu umeme wako pia. Ampea 260 kwa volti 26 ni karibu kilowati 6.8 kwenye arki (ule mwale wa umeme unaoyeyusha metali) peke yake. Ukijumlisha upotevu ndani ya mashine, kwenye laini moja ya volti 240 utavuta ampea 33 au zaidi, na waya mwembamba mrefu wa kuunganishia utashusha volti hadi arki iyumbe. Umeme wa fezi tatu unakuondolea shida hiyo.

Polariti: tochi kwenye chanya, klampu ya ethi kwenye hasi. Hapa hakuna mjadala, kwa sababu mkondo wa upande huo ndio unaopasua utando wa oksidi mbele ya mshono. Mashine iliyokuwa inatumia waya wenye dawa ndani, usiohitaji gesi, mara nyingi imegeuzwa. Fungua kifuniko, uhakikishe kwa macho. Klampu ya ethi nayo ifungwe kwenye alumini iliyosuguliwa, siyo juu ya meza yenye rangi.

Mashine yenye palsi, yaani inayotoa mkondo kwa mapigo ya kupanda na kushuka, inarahisisha kazi, hasa mshono wa kusimama na wa juu ya kichwa. Kama huna, usikate tamaa: MIG ya kawaida kwenye mkao wa chini inachomelea bamba nene vizuri kabisa.

Njia ya waya

Hapa ndipo kazi nyingi zinakofia. Waya wa alumini ni laini. Ukisukumwa kwenye njia iliyotengenezwa kwa waya wa chuma unajikunja, unachubuka, unajisokota kwenye rola mpaka uukate kwa koleo na kuanza upya. Badilisha vitu vinne.

Rola, yale magurudumu madogo yanayosukuma waya, ziwe zenye mfereji wa umbo la U, wa saizi ileile ya waya. Mfereji wa V unauminya waya pande mbili, na rola zenye meno zinautafuna. Unga unaotoka hapo unaingia kwenye laina na kuiziba. Rola nne ni bora kuliko mbili, kwa kuwa zinasambaza mgandamizo.

Laina, ule mrija wa ndani ya tochi, iwe ya tefloni au nailoni. Laina ya chuma iliyosokotwa itakwangua waya na kuuchafua. Kata laina mpya ifike karibu kabisa na rola. Kila milimita ya waya inayobaki bila kushikwa kati ya rola na laina ni mahali pa kujikunjia. Na vile vibomba vinavyoongoza waya kuingia na kutoka kwenye rola viwe vya plastiki.

Tipu ya shaba, ile ncha ya tochi anakopitia waya, iwe ya kazi ya alumini, yaani yenye tundu pana kidogo kuliko ile ya kazi ya chuma. Alumini inavimba sana ikipata joto, karibu mara mbili ya chuma, na kwenye tipu ya kawaida ya milimita 1.2 waya wa milimita 1.2 utanasa ikishapata moto. Tipu hizi huwa na herufi A baada ya namba. Ukizikosa dukani, wengi wanachukua tipu inayofuata kwa ukubwa, na inafanya kazi. Irudishe ndani ya nozeli (kikombe cha gesi kwenye ncha ya tochi) milimita 3 hivi, isitokeze.

Tochi yenyewe iwe fupi, mita 3 ikiwezekana, na wakati wa kazi kebo ilale imenyooka. Ukiizungusha begani utakuwa unapigana na waya siku nzima. Tochi inayovuta waya kwa mota yake huku mashine ikisukuma ndiyo suluhisho bora, lakini bei yake ni kubwa. Ile tochi yenye rola dogo la waya mgongoni inauzwa sana kama jibu la alumini, na kwa kazi nyepesi ni kweli. Kwa milimita 10 mimi siipendekezi: nyingi hazihimili ampea 250 kwa muda mrefu, na rola la nusu kilo linakwisha kabla kazi haijanoga. Karakana yenye tochi ya kawaida tu ina njia nyingine ambayo haisemwi vya kutosha: tumia waya mnene wa milimita 1.6. Ni mgumu, unasukumika kwenye tochi ya mita 3 yenye laina ya tefloni, na ampea zake ndizo hasa ambazo bamba nene linazitaka.

Sasa kaza rola kwa kipimo. Legeza kabisa, elekeza tochi kwenye kipande cha mbao kwa umbali wa sentimita 3 hivi, bonyeza swichi, kisha kaza kidogokidogo. Unatafuta mgandamizo unaosukuma waya bila kukwama, lakini unaoacha rola ziteleze waya ukizuiwa kwa nguvu. Vuta waya nje, upitishe kati ya vidole ukiwa na kitambaa cheupe. Ukiona unga wa kijivu au ubapa upande mmoja, umekaza mno. Breki ya rola la waya nayo iwe nyepesi, itoshe tu kulizuia lisiendelee kuzunguka ukiachia swichi.

Waya upi kwa aloi ipi

Kabla ya kununua waya, jua bamba lako. Mara nyingi namba ya aloi imechapwa juu ya bamba jipya. Ikifutika, dai karatasi ya kiwandani kwa aliyekuuzia. Usichomelee bamba nene lisilojulikana kwenye kitu kinachobeba watu.

Kwa 5083, waya ni ER5356 au ER5183, zote za magnesiamu. ER5183 inatoa mshono wenye nguvu kidogo zaidi na ndiyo inayopendwa kwenye boti. Usitumie ER4043 kwenye 5083. Waya huo una silikoni, na silikoni ikikutana na magnesiamu nyingi ya bamba inazaa mshono mkavu unaopasuka. Wauzaji wengi wanaweka 4043 mbele kwa sababu inatiririka vizuri, basi soma lebo mwenyewe.

Kwa 6061 na 6082 unaweza kutumia 4043 au 5356. 4043 haina tabia ya kupasuka na inalowana vizuri. 5356 ina nguvu zaidi na ni ngumu kidogo, kwa hiyo inasukumika kirahisi. Kitu kitakachofanya kazi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 65 muda mrefu, kichomelee kwa 4043. Kitakachowekwa tabaka la anodi (oksidi ya kinga inayowekwa kwa umeme), tumia 5356, kwani 4043 itageuka kijivu cheusi. 7075 na 2024 ziache kabisa: zinapasuka kwa moto wa arki.

Jambo moja la ubunifu ambalo mteja lazima alisikie kabla ya kazi: 6061-T6 (6061 iliyoimarishwa kwa joto kiwandani) ina nguvu ya kuvutwa ya megapaskali 310 hivi, lakini pembeni mwa mshono, pale joto lilipopita, inashuka hadi karibu 165. Ni karibu nusu. 5083 hushuka kidogo tu, kutoka 305 hadi 275 kwa viwango vya chini vinavyokubalika. Hakuna mpangilio wa mashine unaorudisha nguvu hiyo. Unaongeza unene au unasogeza mshono mbali na mahali penye mzigo mkubwa.

Gesi

Argoni tupu. Mchanganyiko wenye kaboni dayoksaidi unaotumika kwa chuma utakupa mshono mweusi wenye uchafu, na hata kiasi kidogo kilichobaki kwenye mpira wa gesi kinaharibu. Fungua mtiririko wa lita 18 hadi 22 kwa dakika, upime kwenye nozeli yenyewe kama una kipimo cha kushika mkononi. Kuongeza hadi 30 hakuongezi ulinzi. Gesi inaanza kuvuruga na kuvuta hewa ndani. Feni na upepo wa baharini ni adui, kwa hiyo weka turubai.

Kuanzia milimita 12 au zaidi, argoni iliyochanganywa na heliamu inaongeza joto la arki na kupunguza vitundu. Itakubidi upandishe volti na mtiririko. Heliamu ni ghali, na kwa milimita 10 unaweza kuishi bila hiyo.

Kuandaa bamba

Mpangilio wa hatua hapa una maana. Kwanza toa mafuta, kisha oksidi. Ukipiga brashi kwenye bamba lenye mafuta unayasugua yaingie ndani.

Kata kingo kwa msumeno, ruta au mashine ya kuchonga yenye meno ya kabaidi. Diski za grenda za kukatia chuma zinaziba na kuacha gundi na mchanga kwenye alumini; kama lazima utumie grenda, nunua diski zilizoandikwa za alumini. Kwa kiungo cha uso kwa uso cha milimita 10, chonga V yenye jumla ya nyuzi 60 hadi 75, acha uso wa chini usiochongwa wa milimita 1.5 hadi 2, na nafasi kati ya mabamba isiyozidi milimita 1.5. V hii ni pana kuliko ya chuma, kwa kuwa waya wa alumini hauchimbi kwenye kona finyu. Zaidi ya milimita 12, chonga pande zote mbili kama unaweza kuligeuza bamba.

Futa kwa asetoni na kitambaa safi cheupe, sentimita 5 kila upande wa kiungo, ukibadilisha kitambaa hadi kitoke kikiwa cheupe. Usitumie kamwe kisafisha breki chenye klorini: kikikutana na mwanga wa arki kinatoa fosijeni, gesi inayoua. Asetoni ikishakauka yote, sugua kwa brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Iandike ALUMINI kwenye mpini, ifungie kwenye mfuko. Sugua kwa mkono mwepesi, upande mmoja. Ukikandamiza unafukia oksidi badala ya kuiondoa. Baada ya hapo usiguse kiungo kwa mikono mitupu, na chomelea siku hiyohiyo. Oksidi inaanza kurudi mara moja, na kwa hewa ya Mombasa au Dar es Salaam unyevu unaifuata.

Vumbi la alumini lisichanganyike na vumbi la chuma kwenye grenda au sakafuni. Unga wa hizo mbili ukipata cheche unawaka kwa joto la ajabu. Fagia kabla ya kuanza.

Joto la awali

Watu wanalizidisha. Kwa 5083 kazi yake ni kukausha bamba tu: nyuzi 60 hivi zinatosha, na kati ya pasi (mstari mmoja wa mshono) moja na nyingine subiri lirudi karibu na nyuzi 65. Aloi zenye magnesiamu ya zaidi ya asilimia 3 zikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 65 na 200 zinapoteza uwezo wa kuhimili maji ya chumvi, na hilo ndilo ulilolinunulia bamba. Kwa 6061 unaweza kwenda hadi 120, kwa muda mfupi. Pima kwa kalamu ya joto au kipima joto cha kugusa. Vile vipimo vya mwanga vinasoma vibaya kwenye uso unaong'aa.

Ukitumia mwale wa gesi ya kupikia, uangalie uso wa bamba kwa karibu. Mwale ukigusa metali baridi unatokea ukungu, duara la jasho linalokimbia mbele ya moto. Hayo ni maji yaliyotoka kwenye mwale wenyewe. Endelea kusogeza moto bila kusimama mpaka ukungu ufike ukingoni na kutoweka. Ukiacha katikati umeongeza unyevu badala ya kuuondoa. Usisubiri bamba libadilike rangi pia, maana alumini haiwi nyekundu. Inakaa vilevile mpaka inaporomoka, na kipande cha nyuzi 300 kinaonekana sawa na cha baridi. Andika MOTO kwa chaki juu ya kila kipande ulichopasha.

Namba za kuanzia

Hizi ni za mkao wa chini, argoni tupu, waya wa 5356. Ni mahali pa kuanzia:

- Milimita 6, waya wa 1.2: ampea 190 hadi 220, volti 23 hadi 25.
- Milimita 10, waya wa 1.2: ampea 240 hadi 260, volti 25 hadi 26.
- Milimita 10, waya wa 1.6: ampea 250 hadi 290, volti 25 hadi 27.
- Milimita 12 hadi 16, waya wa 1.6: ampea 270 hadi 320, volti 26 hadi 28.

Kwenye MIG, ampea unazipanga kwa kasi ya waya. Waya wa 1.2 kwa ampea 220 hadi 250 utakwenda mita 11 hadi 14 kwa dakika, wa 1.6 kwa ampea 260 utakwenda 7 hivi. Mashine za chuma zinazogota kwenye mita 10 hazitafika na waya wa 1.2, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda 1.6. Kumbuka pia kwamba 4043 inahitaji kasi ndogo kuliko 5356 kwa ampea zilezile. Ukibadilisha waya, usibaki na namba za jana.

Anza kwa kuweka kasi ya waya inayokupa ampea, kisha usiiguse. Tafuta volti peke yake, kwa kusikiliza.

Sikiliza arki

Bamba nene linataka waya uingie kwa mnyunyizo, matone madogo yanayoruka mfululizo bila waya kugusa bamba. Mnyunyizo una sauti ya mvumo, ssss ndefu. Volti zikiwa chini unasikia pa-pa-pa, waya unagonga bamba, mshono unasimama mwembamba kama kamba na cheche zinaruka. Pandisha nusu volti, sikiliza, pandisha tena. Mvumo ukishakuwa laini kabisa, rudi nyuma kidogo mpaka usikie mlio mdogo wa kukatika mara mojamoja ndani ya ule mvumo. Hapo ndipo. Arki iliyo fupi kidogo inachimba zaidi. Mvumo mtulivu sana unapendeza masikioni, lakini arki imekuwa ndefu: mshono unapanuka, masizi yanaongezeka, na waya unaweza kurudi kuyeyukia kwenye tipu.

Kuchomelea

Vaa kwanza. Kioo cha namba 12 au 13, shati la pamba zito la mikono mirefu, glovu za ngozi, na shingo iliyofunikwa, maana alumini inarudisha mwanga juu na kuunguza chini ya kidevu. Arki hii inazalisha ozoni, na 5356 inatoa moshi mwingi. Kaa pembeni ya moshi na vaa barakoa ya vichujio. Ndani ya tenki argoni inajaa chini na kufukuza hewa bila harufu yoyote, kwa hiyo usiingie bila kipuliza hewa na mtu wa kukuangalia mlangoni. Tenki lililowahi kubeba mafuta halichomelewi mpaka lisafishwe na lipimwe kwa kipima gesi. Kulinusa hakutoshi.

Sukuma tochi, usiivute. Iinamishe nyuzi 10 hadi 15 ili nozeli ielekee unakokwenda, ili gesi na ule mkondo wa kusafisha vitangulie. Ukivuta, mshono unakuwa mweusi na wenye vitundu. Umbali kutoka tipu hadi kwenye kazi uwe milimita 15 hadi 20.

Sentimita 3 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa, kwa kuwa bamba bado baridi na linanyonya kila kitu. Kama mashine ina mwanzo wa moto (ampea za ziada wakati wa kuanza), weka asilimia 120 hadi 130 kwa sekunde moja hivi. Kama haina, washa arki sentimita 2 au 3 mbele ya mahali pa kuanzia, rudi haraka hadi mwanzo, kisha geuka uende mbele ukipita juu ya ulipowashia. Njia safi zaidi ni kubana kipande cha ziada cha alumini kwenye ncha, uanzie juu yake na kukikata baadaye.

Nenda haraka, sentimita 40 hadi 60 kwa dakika, mstari mnyoofu bila kuyumbisha mkono. Ukichelewa, dimbwi linatangulia mbele ya arki, na arki inaanza kupika alumini iliyoyeyuka tayari badala ya kuchimba bamba. Hivyo ndivyo mshono unaolala juu unavyozaliwa. Macho yakae kwenye ncha ya mbele ya dimbwi. Bamba likipata joto katikati ya safari dimbwi litapanuka, ongeza mwendo.

Mwishoni usiachie ghafla. Shimo linalobaki linapasuka kwa umbo la nyota, na ufa huo unaweza kutembea. Tumia kipengele cha kujaza shimo, au rudi nyuma sentimita 2 juu ya mshono huku ukiongeza kasi ya mkono, kisha achia na ushikilie tochi palepale gesi ya mwisho itoke. Kati ya pasi, piga brashi. Kwa V ya upande mmoja, geuza bamba, chimba mgongo wa mshono kwa kikata cha kabaidi mpaka uone metali safi isiyo na mstari, halafu chomelea upande huo.

Vunja kipande

Chukua mabaki ya bamba lilelile, vipande viwili vya sentimita 15 kwa 30. Visimamishe kwa umbo la T, chomelea upande mmoja tu kwa mpangilio unaotaka kuutumia, acha vipoe. Bana kwenye jiliwa, piga kwa nyundo nzito kuelekea upande wenye mshono mpaka uvunjike au ulale.

Angalia kona ya ndani. Mshono mzuri umepasuka katikati ya metali yake, uso wa kijivu wenye nyuzinyuzi, na ile kona ya awali haionekani tena. Mshono mbaya unabanduka, na chini yake unaona ncha ya bamba bado kali, na alama za msumeno zikiwa palepale. Kagua sentimita 3 za kwanza peke yake; mara nyingi zinabanduka hata kama sehemu iliyobaki ni nzima. Ongeza ampea 20, fupisha arki, ongeza mwendo, rudia. Kipande kikikubali, andika namba zote ukutani: aloi, unene, waya, kasi, volti, gesi.

Dalili na chanzo chake

Vitundu vilivyotawanyika mshono mzima: unyevu au mafuta, kwenye bamba au kwenye waya. Jaribu waya mpya kabla ya kulaumu gesi. Vitundu sehemu mojamoja: upepo, mpira wa gesi unaovuja, nozeli yenye matone.

Masizi meusi yanayofutika kwa kitambaa pembeni ya mshono wa 5356 ni ya kawaida, ni magnesiamu iliyovukizwa. Yakifunika mshono wenyewe, fupisha arki, angalia pembe ya tochi na gesi.

Waya unayeyukia kwenye tipu: volti nyingi, tipu finyu, au waya unakwama njiani. Ukibadilisha tipu na inatokea tena, shida iko kwenye laina.

Ufa katikati ya mshono kwa urefu: waya usiofaa aloi, mshono mwembamba uliobonyea, au bamba lililobanwa lisiweze kusogea wakati wa kupoa.

Mshono uliokuwa safi asubuhi na una vitundu baada ya mapumziko ya wikendi: rola la waya lilibaki wazi kwenye mashine. Litoe kila jioni, lifunge kwenye mfuko wa plastiki na vijisachi vya kufyonza unyevu. Lile lililokaa wazi wiki nzima kwenye hewa ya pwani, usilitumie kwenye kazi inayobeba mzigo.